Kumwuliza Ardis Mara ya Tatu

Mchungaji Tidwell, ndugu, majirani, wafanyakazi wa hospitali mlioomba ruhusa ya saa mbili mkapewa tatu, na nyote mliofika leo Ijumaa tarehe 22 Novemba 2024 katika kanisa letu hapa Vessby pamoja na barabara kuwa na barafu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu mpendwa, Ardis Marie Tollefsrud. Mimi ni Orrin Haugstad, mdogo wake wa pekee, mkulima wa ngano, mtu asiyezoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo nikinyamaza katikati ya sentensi msiwe na wasiwasi, nitaendelea.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1952, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu baba yetu Gerhard Haugstad na marehemu mama yetu Borghild, na ilikuwa azaliwe kitandani kama watoto wengine, lakini siku hiyo kulikuwa na tufani ya theluji, na jirani yetu mwenye gari la kusukuma theluji alisimama langoni akamwambia baba, "Gerhard, niwatangulie hadi mjini?" naye baba, mama akiwa tayari ameshika ukuta, akajibu, "Ah, usijisumbue, tutafika tu." Jirani akauliza tena, baba akasema magurudumu yetu yana minyororo mizuri ya kushika theluji, na jirani, kwa kuwa alikuwa mtu wa hapa hapa, hakuondoka, alizima injini, akashuka, akauliza mara ya tatu, ndipo baba akatazama mbinguni na kusema, "Basi, kama huna shughuli nyingine." Kwa sababu ya mazungumzo hayo Ardis hakungoja chumba cha wazazi, alizaliwa koridoni katika Hospitali ya Vessby, kitanda cha magurudumu kikiwa kimekwama mbele ya mlango wa mwisho upande wa kulia, mlango wenye kibao cha shaba kilichoandikwa Mkurugenzi, na mama alikuwa akitutania kwamba mtoto alipofungua macho alikisoma kwanza kile kibao, ndipo akamtazama yeye.

Mchungaji wetu ametoka Georgia, jimbo la kusini kwenye joto, na ana mwaka mmoja tu kwetu, na naona wageni wengine pia, kwa hiyo nieleze jambo moja ambalo bila hilo hamtamwelewa dada yangu. Hapa kwetu mtu akikaribishwa kitu, awe na njaa namna gani, husema hapana, akikaribishwa tena husema hapana, si kwamba hataki, ni kwamba amelelewa, na mwenyeji ambaye naye amelelewa huuliza mara ya tatu, na jibu la mara hiyo ndilo jibu lenyewe. Mama alitufundisha hayo jikoni, mkono ukiwa juu ya birika la kahawa, akatuambia, "Mara ya tatu akikataa, mwache. Mara ya tatu akinyamaza, mmiminie." Mchungaji wiki yake ya kwanza alipokea keki alipokaribishwa mara moja tu, ukumbi mzima ukamgeukia, na tangu siku hiyo wengi wetu tunamwonea wivu kimyakimya.

Marehemu alianza elimu ya msingi mwaka 1958 katika ile shule ya chumba kimoja iliyokuwa kaskazini mwa shamba letu, akaendelea na Sekondari ya Vessby alikohitimu mwezi Mei 1970, akiwa mwanafunzi mzuri ambaye hakuna aliyejua kuwa ni mzuri mpaka siku ya kutangaza majina. Kilichomwonyesha njia ya maisha yake kilitokea Agosti 1968, baba alipoingiza mkono kwenye mashine ya kupandisha ngano ghalani, tukampeleka hospitali taulo limelowa damu, na binti wa mapokezi, mgeni kutoka jimbo jingine, alimwuliza kama ana haraka, baba akamjibu, "Hapana, watangulie wengine, mimi nipo tu." Akaaminiwa. Akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, kofia magotini, anazidi kuwa mweupe, wakati mtoto mwenye mafua anaingizwa kwa daktari, hadi Ardis, msichana wa miaka kumi na sita ambaye sikuwahi kumsikia akiongea na mtu mzima bila kuulizwa, akaenda pale mezani akasema, "Samahani, dada. Yule ni baba yangu. Msimwulize kama ana haraka, hatasema. Mwulizeni tena, halafu tena, na mtazameni uso."

Baba alipoteza vidole viwili, na daktari alisema angechelewa kidogo tungempoteza mwenyewe. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Ardis aliniambia kwamba hospitali inaweza kuwa na madaktari wazuri na bado watu wakafia mlangoni, kwa sababu aliyepanga utaratibu wa mlangoni hawajui watu wake, na kwamba yeye hataki kuwa daktari wala muuguzi, anataka kuwa yule anayepanga utaratibu. Sikumwelewa wakati ule, nilikuwa nawaza vidole vya baba, lakini sijawahi kusahau jinsi alivyokuwa anatazama mbele, barabarani, kama mtu aliyeona taa ya nyumba anayokwenda.

Septemba 1970 alijiunga na chuo cha Kilutheri huko Moorhead, ng'ambo ya mto, akasomea uongozi wa hospitali, somo ambalo siku zile lilikuwa na wavulana tupu na wasichana wa kuhesabu, akatunukiwa shahada yake Mei 1974, mama akiwa ameshona gauni la rangi ya krimu na baba amevaa tai aliyofungia ndoa. Mwaka wake wa mwisho alifanya mazoezi ya kazi katika hospitali kubwa ya Minneapolis, wakampenda, wakampa nafasi yenye mshahara mzuri na dirisha linalotazama mto, akakataa, wakamwita tena akakataa, wakapiga simu nyumbani mimi nikiwa nimeshika mkono wa simu, akakataa mara ya tatu, na hilo lilikuwa hapana la kweli, kwa sababu alichokitaka hakikuwa Minneapolis, kilikuwa hapa, mwisho wa koridoni, upande wa kulia.

Tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa Hospitali ya Vessby kama karani wa mapokezi, na watu walimcheka kidogo, shangazi yetu akamwuliza mbele ya meza nzima, "Miaka minne chuoni ili uje kupokea simu?" naye akajibu kwa upole, "Naanzia mlangoni, shangazi." Kutoka mapokezi alihamia kumbukumbu za wagonjwa mwaka 1977, kisha uhasibu mwaka 1980, na mwaka 1983 akawa Msaidizi wa Mkurugenzi, na kila idara aliyopita aliacha jambo moja limekaa sawa. Kubwa kuliko yote lilikuwa agizo lake kwamba katika Hospitali ya Vessby mgonjwa huulizwa mara tatu, awe anaulizwa maumivu, chakula, blanketi au haja ya kuitiwa mwanawe, na madaktari wageni walilicheka agizo hilo mwezi wa kwanza, mwezi wa pili wakawa wanalitumia.

Mzee Elroy Brekke yuko hapa, safu ya nne, ana miaka tisini na moja, hatajali nikimtaja. Mzee Brekke aliingia hospitali Februari 1992 akasimama mapokezi ameshika kofia, na binti wa mapokezi siku hiyo alikuwa Verna Odegaard, ambaye leo ni mwenyekiti wa bodi ya hospitali, wakati ule ana miaka kumi na tisa na wiki ya tatu kazini, amefundishwa na Ardis.

"Una shida yoyote, Mzee Brekke?"

"Sina. Nilikuwa napita tu."

"Hakika?"

"Hakika kabisa. Nimekuja kuota joto."

"Mzee Brekke, nakuuliza mara ya tatu."

"Basi, labda kifua kidogo. Tangu juzi."

Moyo wake ulikuwa unakaribia kusimama. Mwaka huo huo alipanda ngano kama kawaida, na hadi leo analalamika kwamba Verna alimpotezea siku nzima.

Nirudi nyuma kwenye ndoa. Marehemu alifunga ndoa takatifu na marehemu Merle Tollefsrud, fundi wa matrekta, Jumamosi tarehe 12 Juni 1976, mbele ya madhabahu hii hii, na uchumba wao ulikuwa hivi, Merle alimwuliza karibu na mizani ya ghala la nafaka, Ardis akasema, "Oh, Merle, wapo wasichana wengi," Merle akafunga boneti ya trekta alilokuwa anatengeneza, akauliza tena, Ardis akasema mvua inakaribia, Merle akafuta mikono, akauliza mara ya tatu, na Ardis akanyamaza. Merle alikuwa mtu wa hapa, alijua la kufanya, alikwenda moja kwa moja kwa baba. Walijaliwa mtoto mmoja, Signe, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1978, ambaye sasa anaishi Phoenix na mume wake na watoto wao wawili, na ambaye huko amejifunza kusema ndiyo mara ya kwanza, jambo ambalo mama yake alilitazama kwa hofu na kwa kulitamani. Ardis alipokuwa akisomea shahada ya pili ya uongozi wa afya jioni huko Grand Forks, kati ya mwaka 1984 na 1987, Merle alimpeleka na kumngoja garini majira yote ya baridi, amevaa kofia mbili, kwa sababu, kama alivyoniambia, "Amenikataza mara mbili tu."

Sasa nafika mwaka 1988, na hapa ndipo nilipoomba msiwe na wasiwasi nikinyamaza. Mkurugenzi wa zamani alistaafu, na bodi ya wakati ule ilikuwa na mwenyekiti mpya, Bwana Preston Whitlock, aliyekuja kutoka Denver kuongoza kiwanda cha sukari, mtu mwenye adabu zake na haraka zake, naye Ijumaa tarehe 14 Oktoba alimwita Ardis ofisini, ndani ya mlango ule, akamwambia bodi imeridhika naye na wangependa achukue nafasi ya Mkurugenzi. Ardis alikuwa ameingoja sentensi hiyo tangu ana miaka kumi na sita, na akajibu kama alivyolelewa, "Oh, hapana, sidhani ni mimi. Bila shaka yupo anayefaa zaidi." Bwana Whitlock akasimama, akampa mkono, akasema, "Nakushukuru kwa kuwa mkweli."

Alikuja nyumbani kwa mama moja kwa moja, nami nilikuwepo, akaketi mezani bila kuvua koti. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

Mama akaliweka birika chini. "Atapiga simu," alisema. "Amekwenda kufikiri. Atapiga simu kesho."

Jumamosi hiyo Ardis hakutoka nyumbani kwake, alikaa na simu, na Merle, ambaye hakuweza kukaa tu, alikwenda karakana kwake akamfulia mkewe kulabu ya chuma ya kutundikia koti, kwa sababu Ardis alikuwa mfupi na kulabu ya mlango wa ofisi ile iliwekwa juu sana, na wanaume wote waliopita pale hawakuwahi kuona tatizo. Aliisugua mpaka ikang'aa, akaipinda ncha isichane kitambaa, akaileta jioni akaiweka mezani karibu na simu. Jumapili walikwenda kanisani wakarudi mbio. Jumatatu bodi ilitangaza kwamba imempata bwana mmoja kutoka Arizona.

Bwana Whitlock hakuwa mtu mbaya, na simwekei kinyongo, alifanya kama walivyomfundisha kwao, kwamba mtu akisema hapana amesema hapana. Bwana wa Arizona naye hakuwa mbaya, ila baridi ilimshinda, akaondoka baada ya majira mawili ya theluji, na Ardis akawa Kaimu Mkurugenzi, na bodi ilipokaa kutafuta mwingine, mjumbe mmoja akasema kwa nia njema kabisa, Ardis akiwa chumba hicho hicho anawamiminia kahawa, "Ardis tulishamwuliza, hapendi kazi ile, tusimsumbue tena." Wote wakaitikia kwa kichwa, wakamhurumia. Ardis akatabasamu, akaendelea kumimina.

Merle alijaribu. Aliniambia jinsi walivyokuwa wakibishana, ikiwa kubishana ni neno, maana sauti haikupanda.

"Nenda ukawaambie."

"Niwaambie nini, Merle?"

"Kwamba unaitaka."

"Mtu anasemaje jambo kama hilo?"

Hapa kwetu mtu hasimami akasema nataka, tumelelewa hivyo, na malezi hayo yametupa amani nyingi na majirani wazuri, na yametunyang'anya vitu ambavyo hatutajua hesabu yake. Aliitamani kazi ile. Nalisema wazi leo mbele yenu kwa sababu yeye hakulisema, aliitamani kila siku aliyopita pale koridoni, na mara nyingi nilimwona akisimama mbele ya mlango ule kunyoosha kibao ambacho hakikuwa kimepinda. Alikaimu nafasi ya wakurugenzi wanne walipoondoka, safari nyingine miezi, safari nyingine mwaka na zaidi, na katika muda wote huo hakukalia kile kiti, alifanya kazi ya Mkurugenzi akiwa kwenye chumba chake kidogo karibu na stoo ya mashuka, akiingia ofisi ile kumwagilia maua tu, na koti lake akilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo.

Aprili 1997, mto ulipofurika, alikuwa Kaimu. Alihamisha wagonjwa wote kwa malori ya kubebea viazisukari, yaliyooshwa na kutandikwa magodoro, yeye mwenyewe akiwa kwenye lori la mwisho amembeba mtoto wa siku mbili ndani ya koti lake, na hatukupoteza mtu hata mmoja. Tuzo ya jimbo ilikuja Septemba, ikapokelewa na mkurugenzi mpya, ambaye alikuwa bado anauliza chumba cha jenereta kiko wapi, na Ardis alikaa safu ya pili akapiga makofi, na kumbukeni kwamba alipiga makofi kwa dhati, kwa maana alimpenda kila mmoja wao na kumfundisha kazi.

Marehemu alimpoteza mume wake tarehe 20 Januari 2011, akastaafu tarehe 30 Juni 2017, akaagwa kwa keki, saa ya ukutani na hotuba zilizomwita nguzo ya hospitali. Jumatatu iliyofuata alirudi, akaomba kazi ya kujitolea, akawa anawagawia kahawa wanaongoja kumwona daktari, akiwauliza mara tatu kila mmoja. Nilimwuliza kama hajachoka na jengo lile. Akaniambia, "Orrin, nilizaliwa mle."

Mwezi Machi mwaka huu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akapelekwa Fargo ambako madaktari waligundua saratani ya kongosho, akatibiwa pale majira yote ya kiangazi kwa upendo mkubwa, na tarehe 28 Oktoba, ilipoonekana hakuna zaidi la kufanya, aliomba arudishwe Vessby, akapewa chumba cha mwisho koridoni, upande wa kushoto, kinachotazamana na mlango ule. Mlango ulikuwa umefungwa na taa imezimwa, kwa kuwa mkurugenzi wa mwisho alikuwa ameondoka wiki hiyo hiyo kwenda Florida. Muuguzi wake alikuwa Luzviminda Abrenica, aliyetoka Ufilipino akakaa nasi miaka kumi na nane, aliyeajiriwa na Ardis, na nilikuwepo siku moja wakizungumza.

"Mama Ardis, maumivu?"

"Siyo mabaya."

"Nakuuliza tena, Mama."

"Luz, unanitumia sheria yangu mwenyewe."

"Ndiyo, Mama. Na bado moja."

Dada yangu akacheka, na kicheko kikamwumiza, ndipo akakubali dawa.

Jumapili iliyopita, tarehe 17, baada ya ibada, Verna Odegaard alikuja kumwona, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni na gazeti. Walizungumza habari za theluji, habari za bei ya mafuta ya kupasha nyumba joto, kisha Verna akasogeza kiti.

"Dada Ardis, ule mwaka themanini na nane. Ulikuwa unaitaka?"

Ardis aligeuza uso akatazama mlango wa ng'ambo.

"Ningejaribu," alisema.

Wageni wetu, hapa kwetu hakuna neno kubwa kuliko hilo. Nilimjua dada yangu miaka sitini na tisa na sikuwahi kumsikia akisema neno kubwa kiasi hicho juu ya nafsi yake. Verna alianza kulia, akajifuta kwa glavu.

"Basi ichukue," akasema. "Kiti kiko wazi. Mimi ni mwenyekiti, nakuomba uwe Mkurugenzi wetu."

"Acha mambo yako, Verna. Mtu mwenye mpira puani?"

"Nakuuliza tena, dada."

"Tafuteni mwenye nguvu. Mwenye miguu."

Na Verna alikuwa amefungua kinywa, nilimwona, lakini hapo Luz aliingia na dawa, na Verna, kwa kuwa amelelewa, hakutaka kumkatiza muuguzi kazini, akasimama, akachukua mkoba, akasema, "Nitarudi kesho asubuhi, hatujamaliza." Ardis alimwinulia kidole kimoja juu ya blanketi. Alilala akiwa amegeukia mlango, uso wake umetulia kuliko nilivyouona tangu Machi, na Jumatatu tarehe 18 Novemba saa nne asubuhi, mimi na Luz tukiwa tumemshika mikono, aliaga dunia. Verna alifika robo saa baadaye, theluji bado iko mabegani mwake.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, ndugu mmoja, na mji mzima uliomzoea kiasi cha kusahau kumwuliza.

Familia inawashukuru madaktari wa Fargo na wa hapa Vessby kwa uvumilivu wao, muuguzi Luz na wenzake ambao hawakuchoka kuuliza, majirani waliokamua ng'ombe wangu wiki nzima bila kuniambia ni nani, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, Mchungaji na kwaya, na akina mama walioko chini jikoni tangu alfajiri, ambao harufu ya kahawa yao imekuwa ikinivuruga tangu aya ya pili. Viazi vya kuoka vipo, mikate myembamba ya viazi ipo, na tafadhali, kipande cha mwisho cha kila sinia msikigawe nusu na nusu ya nusu mpaka kiwe makombo, leo mtu akichukue tu.

Kabla sijashuka, nina jambo moja nililotumwa. Jumatano bodi ya hospitali ilikaa, na wajumbe wote, tena wote ni watu wa hapa, waliamua kwamba nafasi ya Mkurugenzi apewe Ardis Marie Tollefsrud, bila neno Kaimu, hadi atakapopatikana mtu wa kumfuata. Mwanasheria wao alieleza kwamba jambo hilo haliwezekani, na bodi ikamshukuru, ikaendelea. Signe aliikuta kulabu ya baba yake kwenye droo ya jikoni, chini ya visu, imefungwa kwenye kitambaa na bado inang'aa, na jana mchana mimi mwenyewe niliifunga kwenye mlango ule, chini, usawa wa bega la dada yangu, na Signe akatundika koti.

Lakini aliulizwa mara mbili tu. Verna ameniomba nimalizie, kasema yeye hataweza kuitoa sauti, na sijui kama mimi naweza, ila nitajaribu.

Ardis, dada yangu. Bodi ya hospitali yako inakuuliza mara ya tatu. Utakuwa Mkurugenzi wetu?

Mmesikia wote. Amenyamaza.

Pumzika sasa, Mkurugenzi, koti lako liko mlangoni. Akina mama huko chini, mimineni.